Wageni wa Kwenye Miwa

Jumamosi iliyopita tulikutana sisi wapenda vitabu, pale Amalemba, kwenye baraza ya nyumba ya mwenzetu mmoja. Tukianza kuzijadili riwaya za nyota za mbali, za majoka na watu wanaopaa, hatunyamazi mpaka chai ipoe. Mimi ndiye mtetezi wa zote, hata zile mbaya. Nikikuta tu miezi miwili angani kwenye ukurasa wa kwanza, nimeshatekwa. Basi kijana mmoja akafunga kitabu alichokuwa amekimaliza, akasema, "Ni kitamu, lakini hakiogopeshi. Mambo ya kubuni hayawezi kumtisha mtu mwenye akili zake." Wenzangu wakakubali. Nilicheka nao, lakini moyoni sikukubali. Acha nikueleze kwa nini, rafiki yangu.

Nilikulia kijijini Musanda, kwa nyanya yangu, ambaye tulimwita kukhu. Nyumba ilizungukwa na miwa pande tatu. Miwa ikiwa michanga unaona mbali, lakini ikikomaa inakuwa ukuta. Unaamka inanong'ona, unalala bado inanong'ona.

Mwaka ule mama alikuwa amelazwa, kwanza hospitali ya mjini, halafu ile kubwa zaidi ya mbali, ambako watoto hawakuruhusiwa kuingia. Baba alikuwa huko akimuuguza. Watu wazima walimtaja mama kwa sauti ya chini, na nikitokea wananyamaza na kunipa kiazi. Nilishiba viazi vingi msimu ule.

Senge, dada yake baba, ndiye aliyekuja kukaa nasi. Alileta riwaya moja kuukuu iliyong'oka jalada, hata jina lake hatukulijua, tukaiita tu kitabu cha wageni. Mchana, tukipukuchua mahindi uani, senge alitusomea kwa sauti. Kukhu hakupenda. Hadithi ni za jioni, alisema. Ukizisimulia jua likiwa juu, ng'ombe watapotea, au atapotea mtu wako. Lakini mafuta ya taa yalikuwa ya kubania, na kila senge alipofungua kitabu, kukhu alilalamika huku akisogeza kigoda chake karibu.

Kitabu kilisimulia wageni waliotoka nyota ya mbali wakajificha kwenye nyasi ndefu. Walikuwa wakiwachunguza watu kimyakimya. Mtu akisafiri, anayerudi si yeye, ni mgeni aliyeivaa ngozi yake. Sura ni ile ile, kicheko ni kile kile, anajua hata mahali unapoficha sukari. Tofauti ilikuwa moja tu: mgeni haogopi kitu. Anaweza kumshika nyoka kama mtu anayeshika kamba.

Ungesikia maoni ya watu wa ua ule! Jirani yetu mkata miwa alikuwa akisimama na panga lake begani, anasikiliza ukurasa mzima, halafu anapiga kelele, "Uongo! Mimi nimekata miwa tangu nioe. Nimekuta nyoka, nimekuta paka-mwitu, nimekuta mpaka suruali ya mzee mmoja wa hapa. Mtu wa nyota sijakuta."

"Na suruali ilikuwa ya nani?" kukhu akauliza upesi.

"Hiyo, mama, nitaenda nayo kaburini."

Mama mmoja wa kanisa aliyekuja kutusaidia kupukuchua alitikisa kichwa. "Haya ni mambo ya shetani, mnayaleta nyumbani mkiwa na mgonjwa! Mimi sitaki kusikia." Kisha, senge alipofunga kitabu kwa heshima yake: "Lakini malizia tu hapo mlangoni, tujue kama alifungua."

Senge alikuwa akicheka. "Mama, ni mambo ya kubuni. Ni vitu ambavyo havijatokea."

"Havijatokea bado," kukhu akasema. "Huyo aliyeandika ameona kitu. Mtu hawezi kutunga hofu kama hiyo akiwa ameshiba."

Wao walicheka, mimi nikaacha kulala vizuri. Nilijua maana ya lile onyo la kukhu kuhusu hadithi za mchana: tulikuwa tunasoma mchana, na lazima mtu wetu apotee. Na aliyekuwa safarini alikuwa mmoja. Nikipita kwenye kile kijia cha kwenda barabarani, miwa ikisimama kulia na kushoto, nilikuwa nakimbia bila kugeuka. Jani likinigusa shingoni nahisi vidole. King'ora cha kiwanda cha sukari kikilia mbali, najiambia wameitana.

Siku moja, jua la saa kumi, nilitumwa kuokota majani makavu ya muwa ya kuwashia moto. Niko hapo kwenye kijia, nikasikia jina langu la utotoni likiitwa. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, haikuwa ya mtu ninayemjua. Watoto wa kwetu tulifundishwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nikanyamaza. Ikaita tena. Kisha akatokea kwenye kona, peke yake, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, nguo ikimning'inia kama imeanikwa.

Nilichoogopa si kwamba alikuwa amebadilika. Nilichoogopa ni kwamba ndani ya kukonda kule kila kitu cha mama kilikuwapo. Kovu la kidevuni lilikuwapo. Hata ile namna ya kuinamisha kichwa kabla ya kucheka. Kitabu kilikuwa kimesema hivyo hasa. Alitanua mikono, akasema, "Kwani hunijui, kifaranga wangu?" Hata jina hilo wamelijua, nikawaza. Nikayaangusha majani, nikaingia kwenye miwa.

Hujawahi kuwa ndani ya miwa iliyokomaa? Baada ya mistari michache tu hakuna mbele wala nyuma. Majani yanakukata usoni, jasho linaingia kwenye mikato, na kila upande ni ule ule. Nilichuchumaa nikaziba mdomo kwa viganja. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikahofia miwa itatikisika. Nyuma yangu nikasikia majani yanapasuliwa. Alikuwa ananifuata.

Mwanzoni aliniita kwa upole. Kisha taratibu sauti ikaanza kutetemeka. Sasa elewa, mama yangu alikuwa mwoga wa nyoka kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hata ukingoni mwa shamba hakukanyaga. Akitaka kuni alituma mtu. Nikamsikia akisema, "Yesu wangu, Yesu wangu," kila hatua. Kitu kikachakura, akapiga yowe, nikafikiri ameanguka. Lakini majani yakaendelea kupasuka, yakija kwangu. "Ongea, mwanangu," alisema, meno yakigongana. "Hata kama hunitaki. Ongea tu nijue hujaumwa."

Mgeni haogopi kitu. Na huyu alikuwa anaogopa mno, na bado anakuja.

"Mama," nikasema. "Niko hapa."

Alinikumbatia akitetemeka mwili mzima, nami vivyo hivyo. Kitambaa kilikuwa kimenaswa na miwa huko nyuma, kichwa chake kikawa wazi, hakina hata unywele. Nilikigusa. Kilikuwa na joto.

Hakuna kati yetu aliyejua njia ya kutoka. Baba alikuwa amebaki barabarani akiteremsha mizigo kutoka kwenye bodaboda, na aliposikia lile yowe akaita watu. Mkata miwa alisimama kijiani akigonga panga kwenye jembe, nasi tukaifuata sauti ile. Tulipotokea tumechanikachanika, alituangalia wote wawili akasema, "Basi. Nimewakuta wageni, tena wawili." Kukhu alicheka huku machozi yanamtiririka.

Nilidhani kitabu kitachomwa. Kumbe mama alipoambiwa kisa chote, aliomba kisomwe upya kutoka mwanzo, yeye akiwa amelala mkekani kwenye jua, na mama wa kanisa akaja mapema asipitwe. Senge alipofika mwisho, kila mtu alitoa maoni yake kama kawaida. Mama alitafuna njugu polepole. "Huyu ameandika vizuri," alisema. "Ila mimi nawahurumia hao wageni. Utoke mbali hivyo, ufike mlangoni kwa mtu, halafu mtoto akukimbie."

Alikaa nasi mpaka mahindi mengine yakaiva. Kisha ugonjwa ukarudi kumchukua, na safari hiyo kijia hakikumleta. Kukhu alimfuata miaka michache baadaye. Kiwanda kilinyamaza, miwa ikang'olewa, na sasa ni viazi na mahindi mafupi. Ukisimama mlangoni unaona mpaka barabarani, waziwazi, bodaboda moja moja zikipita. Hakuna pa kujificha, wala pa kutafutwa. Watoto wa siku hizi wanacheza pale bila woga wowote, nami nawafurahia, kweli.

Lakini nikifika nyumbani jua la saa kumi, husimama kidogo. Sauti yoyote ikiniita jina lile, ya kukwaruza au nzuri, ya mtu au ya mgeni wa nyota gani sijui, sitangoja kumwona. Nitaitika.