Sato Aliyekataa Kula

Kuna asubuhi moja siisahau, mwanangu, na hadi leo ikinijia nasema asante kwa sauti, wajukuu wakidhani uzee umenianza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba ya wakwe zangu pale Lamadi kando ya ziwa, chupa ya dawa ya ng'ombe mkononi, nikijiandaa kumnywesha samaki.

Cheka tu, hata mimi hucheka. Ila kesho unaondoka kwenda pwani kusomea samaki wa baharini, na sitaki uondoke hujalisikia hili kwa mdomo wangu.

Mimi ni binti wa kutoka Mwamapalala, nimekulia kwenye ng'ombe na pamba. Samaki nilimjua akiwa mkavu ndani ya gunia, au akiwa kwenye mchuzi. Nilipoolewa kwenye ukoo wa wavuvi, mawifi zangu walinicheka jinsi nilivyoshika kisu cha kuparia magamba. Baba mkwe peke yake hakucheka. Mgongo ulikuwa umemkatalia kwenda ziwani, akaamua kufuga. Alileta sato wakiwa hai kwenye pipa, jua likawapiga njiani, wakafa karibu wote. Wakabaki dume na jike. Akawatia kwenye birika la saruji lililokuwa la kunyweshea ng'ombe, wakati vijana wanachimba bwawa.

Jioni akaniita mbele ya watu wote wa nyumba. "Huyu kazoea kutunza viumbe," akasema. "Sato hawa ni wake."

Mawifi wakatazamana. Nilielewa vizuri sana. Samaki wale wakifa, bwawa la mzee litabaki shimo, na mimi nitabaki binti wa ng'ombe asiyefaa kitu kwa siku zote za ndoa yangu.

Niliwatunza kwa moyo wangu wote. Niliwapa pumba na mchwa. Mchana wa jua kali nikiwakuta wanahema juu juu, mama mkwe alinifundisha kumwaga maji mapya kutoka juu, yaanguke kwa kishindo. Yeye alisema maji yamechoka. Wewe ndiye uliyenieleza juzi kwamba samaki anavuta hewa iliyo ndani ya maji, na kwamba maji yakipata moto hewa hiyo hupungua. Nilifurahi kama nini. Miaka yote nimemwaga maji bila kujua nawamwagia pumzi.

Basi, siku moja jike akaacha kula. Pumba ikaelea mbele yake, asiiguse. Kajibanza kwenye kona, kidevu kimevimba, mdomo kaufumba, mara anautikisa kidogo kama anayesukutua. Kesho yake hivyo hivyo. Kwetu ng'ombe akiacha kucheua hatungoji jua lizame. Tunachemsha mizizi na magadi, mmoja anashika pembe, mwingine anainua kichwa na kuingiza chupa pembeni mwa mdomo. Nimelifanya tangu utotoni na ng'ombe wakapona. Kwa hiyo nikachemsha. Nikatafuta chupa ndogo. Nikakunja kitenge, nikaingiza mkono ndani ya birika.

Mkono mwingine ukanishika kiwiko. Alikuwa mama mkwe, ametoka kuanika dagaa, vidole vyake vinanuka ziwa.

"Ng'wana wane," akasema, na kwa Kisukuma chetu hilo ni kama kusema mwanangu, "unataka kumfanya nini?"

"Anaumwa, mayu," nikamwambia, yaani mama. "Hali chochote."

"Nani kakwambia anaumwa?"

Nikamwonyesha kile kidevu. Akaichukua chupa, akainusa, akakunja uso, akaimwaga mbali kwenye majani.

"Huyo ana watoto mdomoni. Mayai yake kayabeba humo. Ungemshika tu, angeyatema yote. Na ungemtia hiyo dawa..." Alivuta kigoda akanikalisha. "Kaa hapa umtazame. Leo usifanye kitu kingine."

Nilikaa nikilia, sikufichi. Nililia kwa hofu ya jambo ambalo lilikuwa bado kidogo tu nilitende. Mama mkwe akaenda kunipikia yeye, siku ile mimi nikiwa mkamwana wa kula na kutazama maji! Nikaona vile samaki anavyosukutua, akiyageuza mayai yapate maji safi. Siku zilivyopita akakonda, kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili, na chakula hakugusa.

Halafu asubuhi moja akafungua mdomo, watoto wakatoka. Wadogo mno, kama macho tu yanayoelea. Nikainama kuwaona vizuri, kivuli changu kikaanguka kwenye maji, na wote wakakimbia kurudi mdomoni mwa mama yao. Nilipiga kigelegele hadi majirani wakaja.

Mawifi walipofika, mama mkwe aliwaambia, "Mnaona? Mke wa ndugu yenu ndiye aliyemlinda." Akaishia hapo. Mzee akajaza bwawa lake, na ada ya shule ya baba yako ilitoka humo.

Jana umenieleza kwamba samaki wa bahari hunywa maji muda wote, maana chumvi ya nje inamkausha, na huyu wetu wa ziwa hana haja ya kunywa, maji yanamwingia yenyewe mwilini. Nikacheka hadi nikakohoa. Kumbe nilitaka kumnywesha asiyekunywa!

Lakini hilo ndilo nililotaka kukuambia. Nilichokijua kilikuwa kweli, kweli ya ng'ombe. Nawe unakwenda na kweli za ziwa kwenye maji mengine kabisa. Ukimkuta kiumbe kwenye tangi la kioo anafanya usichokielewa, usiharakishe kumtibu. Vuta kiti. Tazama, uliza, tazama tena. Kuna wakati kutomgusa ndiko kumtunza.

Na jingine, hili ni zito zaidi kwangu. Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya pale. Aligombana na mawifi zangu, aligombana hata na mimi, na ulimi alikuwa nao. Habari ya ile chupa hakumwambia mtu. Hakuitumia kuwachekesha watu juu yangu, hata siku tulizokasirikiana. Alikwenda nayo kaburini, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia. Siku moja utakuwa mkubwa wa wenzako, na mgeni wa kazi atakosea mbele yako. Mshike mkono, umfundishe, halafu ufumbe mdomo.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho yenye subira, akupe chakula na afya katika nchi ya watu. Na huko ugenini akuwekee mama wa kukulinda kama alivyoniwekea mimi.