Zamu ya Kaka Yangu

Kocha wetu alikuwa na wazimu wa mpira wa kikapu, hilo simnyimi. Alikuwa fundi wa reli pale Kilosa, na ringi zetu mbili alizichomelea mwenyewe kwa vyuma chakavu. Timu ikifungwa alivua kofia akaikanyaga. Ikishinda alilia. Nilimpenda kama mashabiki wote, mpaka siku tuliyokwenda kucheza Mikumi.

Ubaya wake ulikuwa zamu. Miaka ile ya Ujamaa kila kitu kilikuwa na zamu: kulima shamba la kijiji, kuchota maji, kufagia shule. Yeye akaipeleka zamu mpaka uwanjani. Wachezaji walikuwa kumi. Watano walicheza kipindi cha kwanza, watano cha pili, na aliyetoka harudi. "Hapa hakuna bwana wala mtwana," alisema. Hodari na goigoi sawasawa! Tulipocheza na vijana wa Msowero kwa kujifurahisha, tulicheka tukavumilia.

Mikumi hatukwenda kujifurahisha. Watu wawili walikuwa wanakuja kutoka Morogoro kuchagua vijana wa timu ya kiwanda, na atakayechaguliwa angepata kazi huko huko kiwandani. Kaka yangu alikuwa mkata mkonge kama baba, na sikumjua mtu wilaya nzima aliyemfikia kwa kufunga. Wiki ile mama aliifua bukta yake mara mbili.

Kaka akapangwa zamu ya kwanza. Mechi ikaanza wageni hawajafika. Alifunga alivyotaka, hata watu wa Mikumi wenyewe wakampigia makofi, lakini mimi macho yangu yalikuwa barabarani. Kipindi kikaisha tukiongoza kwa pointi kumi na nne. Ndipo Landrova ya wageni ikaingia. Tembo walikuwa wamesimama barabarani kule mbugani, walisema, ikabidi wangoje.

Nilimkimbilia kocha. Roho ilikuwa juu, lakini shikamoo niliitoa kwanza. Kwetu mtu mzima humsemeshi bila hiyo, hata nyumba ikiungua.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, wageni ndio kwanza wamefika. Kaka hawajamwona. Mrudishe, hata dakika tano tu."

"Zamu yake imekwisha."

"Lakini amecheza bila kuonwa!"

"Nikimrudisha, nimtoe nani? Na huyo naye ana mama yake."

Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba alinifunga mdomo na bado alikuwa anakosea.

Kaka alikaa kwenye benchi, jasho likimkaukia mgongoni. Mmoja wa wale wageni akavua koti kwa joto, akatafuta pa kuliweka, akamkabidhi yeye. "Nishikie, kijana." Kaka akalikunja vizuri, akalipakata kipindi kizima. Nilitamani kulirarua.

Tukafungwa kwa pointi moja. Kocha akaikanyaga kofia yake, akaangua kilio mbele za watu, nami nikamchukia kwa machozi yale. Analia nini yeye? Wageni walichagua kijana mmoja wa Mikumi na mmoja wetu, yule aliyeingia nafasi ya kaka. Alikuwa amefunga mara mbili tu. Kaka alimpa mkono wa pongezi, kisha akamrudishia mgeni koti lake.

Jumatatu alirudi kwenye mkonge. Jioni nikamkuta mlangoni anafunga kamba za viatu, anakwenda mazoezini kwa mtu yule yule. Nikamfokea.

"Wewe huna hasira?"

"Ninayo," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini nikiacha na mpira, nitabaki na mkonge peke yake."

Akaenda. Mimi sikumfuata kutazama, siku ile wala nyingine.