Rupia za Mchumba wa Zuhura

Usiniambie niliota, wala usiniambie nilikuwa na homa. Nilikuwa macho, nimesimama kwa miguu yangu nyumbani kwetu Kaloleni, hapa Voi, na karabai ilikuwa inawaka vizuri. Mama yangu aliyaona mambo haya. Mdogo wangu Zuhura aliyaona, na yeye ndiye aliyekuwa akiposwa. Kwa hiyo nisikilize kwanza, kisha useme utakalo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Marehemu baba alikuwa na duka karibu na stesheni, lakini alichokipenda kuliko duka ni sarafu za zamani. Huku kwetu hazikukosekana: senti za tundu za wakati wa mkoloni, na rupia za fedha za Mjerumani zilizobaki upande wa Taveta tangu vita vile vya kwanza. Mimi ndimi niliyekaa naye mezani, akanifundisha kuziangalia, na nasema bila kujisifu, hakuna aliyeweza kunidanganya. Fedha iliyozeeka yenyewe ina weusi kandokando ya herufi. Ile ambayo haijaguswa, ukiigeuza polepole kwenye taa, mwanga unazunguka juu yake kama spoki za baiskeli. Iliyosuguliwa inang'aa kote, hata kwenye mashimo, na ina mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja. Na iliyopakwa vanishi ili kuficha ubovu? Hiyo mwanga wake hauzunguki. Unakaa palepale, kama mafuta juu ya mchuzi uliopoa.

Sasa, baba akiwa ameshafariki, akaja huyo mwanamume. Alijiita Rashidi, akasema ana duka Miasenyi, kule barabarani. Zuhura alikutana naye sokoni. Mpole, nadhifu, kanzu haina hata mkunjo. Mama alimpenda siku ile ile. Siku ya posa alikuja baada ya magharibi, peke yake.

"Wazee wako wako wapi, shemeji?" nikamwuliza.

"Wazee wangu wametangulia, dada," akajibu, akatabasamu.

Akafungua kitambaa chekundu mezani. Ndani mlikuwa na rupia za Mjerumani, zinameremeta kama zimetoka mtamboni asubuhi ile. Mama akasema, "Mashallah!" Zuhura akaokota moja akaifumba mkononi, na macho yake yalikuwa yanacheka. Mimi nikachukua nyingine, nikaigeuza kwenye taa.

Mwanga haukusogea. Nikatazama vizuri, nikaona kando ya kichwa cha mfalme wao kipovu kidogo, mahali vanishi ilipojikusanya ikakauka.

Nikainua macho nimwulize ni nani aliyezipaka. Alikuwa amegeuza uso kumsikiliza Mama, karabai iko karibu kabisa na shavu lake. Niamini mimi: mwanga juu ya lile shavu haukusogea. Unalijua joto la Voi? Sisi sote tulikuwa tunatiririka jasho. Yeye hakuwa na tone. Ngozi yake haikuwa na kinyweleo wala alama ya wembe. Na chini ya sikio, kipovu kidogo kilichokauka.

Ungefanya nini wewe? Upige kelele? Mama angenitukana mbele ya mgeni. Nilinyanyuka na rupia yangu nikaingia chumbani, tumetenganishwa na pazia tu. Nikachukua pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikasugua, kama baba alivyokuwa akifanya alipotaka kujua kilichofichwa. Vanishi ikatoka, njano kwenye pamba. Chini yake fedha ilikuwa nyeusi, imeliwa, ina vitundu, kama kitu kilichozikwa pamoja na mwenyewe. Uso wa mfalme haukuwapo.

Kule sebuleni mazungumzo yakakatika. Kisha nikamsikia, bila hasira yoyote:

"Dada. Ipake tena."

Nikavuta pazia. Alikuwa amejifunika shavu kwa mkono, na katikati ya vidole palionekana peusi.

"Haipakiki tena," nikamwambia. "Toka kwetu."

"Zuhura ameshaipokea yangu," akasema.

Nikamgeukia mdogo wangu. "Zuhura, itupe!"

"Haitoki, dada! Imeshika!"

Niliruka na chupa, nikammwagia mkononi dawa yote iliyobaki, nikaivuta ile rupia kwa kucha zangu. Aliita mama yake kama mtoto. Ikang'oka. Rashidi akasimama, akaushusha mkono wake, na nilichokiona sikitaki tena katika maisha yangu. Akatoka mlangoni kwa adabu, kama mgeni yeyote aliyeaga. Viatu vyake aliviacha pale pale, na hakuna aliyekuja kuvidai.

Asubuhi Mama mwenyewe alizitupa zile rupia chooni. Mimi nilikwenda Miasenyi, nikauliza duka kwa duka. Hakuna aliyemjua.

Zuhura hakunisemesha kwa muda mrefu, maana moyo ulikuwa umeshapenda, na moyo haufahamu vanishi. Baadaye akaolewa na mwalimu wa Wundanyi, mtu mwema anayetoka jasho kama binadamu. Lakini alipokwenda kuchukua kitambulisho, karani alimpaka wino, akamkandamiza kidole gumba kwenye karatasi, likatoka doa jeusi tupu. Akarudia, doa tupu. Karani akamfokea kwamba amejisugua vidole makusudi. Hakujisugua. Kiganja chake cha kulia, kile kilichofumba rupia, pamoja na vidole vyake, hakina mstari hata mmoja mpaka leo. Ukimpa mkono, utadhani umegusa sahani.

Basi wewe unayeletewa kitu cha kale kinachong'aa kama kipya, usione haya kukigeuza kwenye taa mbele ya watu. Waache waseme huna adabu. Na ukishakitazama, mtazame na aliyekileta.