Shahidi wa Mzee wa Kriketi

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu wa mtaa wa Lozells, huko ughaibuni, Idi iliyopita, na mwanawe aliyekuwa mkalimani wake siku hiyo akakithibitisha.

Walikwenda kwa wakili huko Edgbaston kuapa tarehe ya kuzaliwa, maana shangazi hana cheti, na bila hati ya kiapo asingepata pasi ya kwenda Tanga kumwona dada yake mgonjwa.

"Nilizaliwa Ijumaa, siku tatu baada ya kuzikwa babu."

"Mama, hiyo si tarehe," alisema wakili. "Shahidi ni nani?"

"Waliokuwepo."

Wakili akatabasamu kwa adabu ya kufunga mlango. Shangazi akanyooshea kidole picha ukutani, ya mzee mwenye sharubu na gongo la kriketi. "Na huyu?"

Wakili akajiweka sawa. Ndiye mwanzilishi wa ofisi, enzi za Malkia Viktoria. Aliichezea timu ya chuo kikuu mechi moja, akatolewa bila kupata hata alama moja, sifa inayotosha, kumbe, kuwekewa fremu ya dhahabu.

"Alizaliwa lini?"

"Karatasi zilipotea. Familia husema wakati wa mavuno."

"Shahidi?"

Wakili alikohoa, akachukua kalamu. "Babu yako alizikwa lini, mama?"

Shangazi yu hai, wakili yu hai, na dada wa Tanga, aliyewahiwa kwa pasi hiyo, yu hai. Mzee wa kriketi ni marehemu. Hilo, nashukuru, lina cheti.