Reli ya Kuka Iliyoota Majani

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika kumi na nikafutwa. Aliyenifuta alikuwa amelala kitandani, blanketi mpaka kidevu, macho kwa dari.

"Rudi kwenu," akasema.

"Kwetu ni hapa hapa."

"Basi kesho saa moja kamili. Na usije na mdomo."

Huyo alikuwa Inspekta wa Njia. Kwa ukoo ni babu yangu, baba ya baba, na sisi huku Kakamega babu tunamwita Kuka. Kusema ukweli hakuwahi kufika inspekta. Alistaafu akiwa nyapara wa genge, yaani mkubwa wa wale watu wanaotembea juu ya reli na nyundo na spana wakikagua kila msumari. Mimi ndiye nilimpandisha cheo. Sikuuliza mtu.

Niko na miaka ishirini na sita, na najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Wacha wangoje. Kazi yangu ya mkate ni kuchomelea milango na madirisha hapo tauni, na hakuna chuo kilinifundisha. Nilifundishwa na video za simu na kuungua vidole. Lakini kazi ninayotaka kuwaelezea nyinyi mnaofikiria reli ya kwanza kwa kiwanja cha nyumbani ni hii nyingine. Hiyo nimeshastaafu, kwa hivyo niko na haki ya kuongea.

Ilianza na toi ya mtumba. Niliikuta sokoni kwa rundo, kati ya midoli bila mikono: kichwa cha gari moshi, kirefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, cha kutumia betri. Reli zake hazikuwa. Nikaibeba kwa sababu nilitaka kujua ndani iko na nini, na kwa sababu ya Kuka.

Tangu tumzike Kukhu, nyanya yangu, mke wake, miezi saba ilikuwa imepita na Kuka hakuwa anatoka chumbani. Mama alikuwa anapika obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda, anaacha kwa mlango anaita, anaenda. Yeye ni mke wa mwana wa Kuka, na kwetu mke wa mwana haingiangi chumba cha baba mkwe. Mjukuu ndiye anaingia, tena na kelele. Nikaingia nikamwekea ile toi kwa kifua.

Hakucheka. Akaigeuza juu chini, akapitisha kidole kwa gurudumu polepole.

"Flanji iko," akasema. Flanji ni ule ukingo wa ndani wa gurudumu unaozuia gari kuruka nje ya reli. "Leta rula."

Miezi saba, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la maana. Nilikimbia mpaka nikagonga mlango na goti.

Kati ya gurudumu na gurudumu tulipima sentimita nne na nusu, nafasi ya kati ya reli mbili. Hiyo inaitwa geji. "Zetu zilikuwa mita moja," Kuka akasema. "Yako ni nne na nusu. Ukikosea hapa, mengine yote ni kelele." Akanifanya nikate kijiti cha mbao chenye mapengo mawili, cha kupima geji kila mahali, akakilalia chini ya mto.

Sasa mjue kwa nini nilikuwa na haraka. Senge, shangazi yangu wa Nairobi, alikuwa amepiga simu na kuweka spika ndio wote tusikie: akija mwisho wa mwezi unaofuata na kumkuta baba yake bado kwa kitanda, anambeba anaenda naye, ghorofa ya nne, ako na chumba. Si mtu mbaya. Anampenda. Lakini Kuka alisikia, akaniuliza mimi peke yangu, sauti ya chini: "Ghorofani huko nitakagua nini?"

Nikaapa palepale kwamba hakuna mtu atamtoa hapa. Nikiapa, nimeapa.

Kwa hivyo mimi nilitaka kuanza kuchomelea siku hiyo hiyo. Kuka akakataa. Siku nne nzima hakuna chuma kiliguswa. "Kwanza tembea," akasema. "Reli haianzi na reli. Inaanza na miguu." Nikatembea kiwanja chote na kamba na vigingi, yeye akiuliza maswali kutoka dirishani. Ng'ombe inapita wapi? Maji ya mvua yanatoka wapi yakienda wapi? Kuku wanaoga mchanga pahali gani? Mimi nimezaliwa kwa hicho kiwanja na nusu ya hayo maswali sikuwa na jibu. Siku ya pili alichoka kupiga kelele dirishani, akataka kiti kiwekwe mlangoni. Siku ya tatu kiti kikafika chini ya mparachichi. Nikaendelea kupiga vigingi. Nilikuwa naogopa nikitaja kiti atakumbuka kurudi chumbani.

Kupima mwinuko tulitumia paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, imejaa maji. Unashika ncha moja hapa, ingine unaifunga kwa kigingi kule mbali; maji ya ncha zote husimama usawa mmoja, hata kama kiwanja kinakudanganya macho. Sheria ya Kuka ilikuwa hii: kwa kila mita mbili mbele, usipande zaidi ya sentimita nne. Gari ndogo haina kifua cha mlima. Kwa kona, unachora duara na kamba na chaki, unasukuma gari na mkono, unasikiza. Kona ikibana, magurudumu hulia. Tulianza na kamba ya nusu mita, ikalia kama mbuzi. Tukaenda mita moja, ikanyamaza.

"Unaona?" Kuka akasema. "Imekuambia yenyewe."

Na kwa sababu mgongo wake haukuwa unakubali kuinama, niliamua reli isilale chini. Itapita juu ya mbao, na mbao juu ya nguzo, usawa wa kifua chake akikaa kwa kiti. Hiyo ilikuwa akili yangu mwenyewe. Alinitazama sana. "Haya," akasema. Kwa nyapara hiyo ni hotuba.

Kazi yenyewe niliifanya kwa vituo. Nilianzia Geti, nikapelekwa Jikoni, halafu Kaburini ambapo Kukhu amelala upande wa kushoto wa nyumba, na mwisho Migombani. Nikimaliza kituo, Inspekta ananihamisha kirasmi: "Kibarua Mmbone, kuanzia kesho utaripoti Kaburini." Mataruma, ile miti ya kulalia chini ya reli, niliyakata kutoka kwa mabaki ya mbao ya fundi jirani. Reli zilikuwa flatibaa nyembamba, yaani vyuma bapa, nimezisimamisha kwa ukingo ndani ya mifereji niliyochonga kwa mataruma. Kati ya kipande na kipande nilikuwa naacha upenyo wa unene wa kadi ya simu, kwa sababu chuma kikipata jua hurefuka, na kisipopata pa kuenda hujikunja.

Jikoni ndipo niliona kitu. Kipande cha kwanza kilipokamilika, Kuka alisogea na kiti, akalaza shavu lake juu ya reli, jicho moja amefunga.

"Kuka, unalala?"

"Nyamaza. Naangalia." Akakaa hivyo. Halafu akasema kwamba akiwa kijana wa genge upande wa Chekalini, kulikuwa na kona moja kwa udongo mweusi. Kila mvua ikinyesha, reli iliamka imelala upande. Inspekta wa kweli alikuja juu ya troli, akamwambia: nyapara, usiniambie unafikiria nini, lala chini utazame. "Nililala chini kwa hiyo reli miaka yote," Kuka akasema. "Nilidhani sitalala tena."

Mama alikuwa kwa mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Aligeuka haraka akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Sasa kosa langu. Nitalisema lote.

Nilipofika Kaburini nguzo ziliisha. Siku hiyo Kuka alikuwa amepelekwa kliniki na Baba. Fensi yetu ni ya omutoto, ule mti ambao kila boma hapa iko nao, na ilikuwa imepunguzwa juzi. Matawi manyoofu, mazuri, yamelala tu. Nikakata nguzo kumi na nane za kutoka hapo mpaka Migombani, nikazipiga chini na nyundo, maganda yao yakiwa bado juu. Mtu yeyote wa Kakamega anajua omutoto ukiuchomeka kwa udongo unafanya nini. Hata mimi najua! Lakini mimi ni mtu wa chuma. Nilikuwa naona nguzo, sikuona mti. Kuka aliporudi akauliza, "Hizo ni mti gani?" na mimi, jasho likinitoka, nikamjibu, "Mti ni mti, Kuka."

Mvua zetu mnazijua, kila alasiri. Wiki zikapita, njia ikafika Migombani, na kazi za tauni zikanishika nisirudi kuitazama. Jumatano ya wiki ambayo Senge alikuwa anakuja Jumamosi, nilitoka tauni mapema nikakuta kiti chini ya mparachichi hakina mtu. Chumbani hakuna mtu. Nikamkuta Migombani, mwisho kabisa wa kiwanja, ambako hakuwa amefika tangu matanga, amesimama kwa fimbo yake.

Kila nguzo ya omutoto ilikuwa imechipuka. Majani ya kijani yalikuwa yametoka kati ya reli, na matawi madogo yalikuwa yamesukuma mbao upande. Gari letu lilikuwa limelala kwa ubavu ndani ya kichaka, magurudumu yakizunguka bure.

"Miaka thelathini!" akasema. "Nimeona reli imeoza, imeibwa, imebebwa na mafuriko. Sijawahi kuona reli imeota majani! Nani aliweka njia yangu juu ya miti hai?"

Ningesema pole. Neno moja. Lakini Senge alikuwa anakuja, kila kitu kilikuwa kimeharibika, na mimi hasira yangu hainingojangi. Nikapasuka. Nikasema si yeye alikuwa amelala miezi saba, nani angekagua? Nikasema kama reli ni yake mbona hakushika nyundo?

Akaningoja nimalize.

"Kibarua Mmbone," akasema taratibu, "nimekusimamisha kazi siku tatu. Utarudi Jumamosi saa nane mchana. Kabla ya hapo usiguse kitu kwa njia yangu."

Jumamosi! Nilitaka kulia. Lakini mkubwa wangu akishasema amesema. Nilienda tauni nikachomelea mlango wa mtu ukatoka umepinda, nikaukata, nikauanza tena. Halafu nikachukua mabomba mabaki, nikatengeneza nguzo kumi na nane za chuma. Chuma hakioti. Ijumaa Mama akanipigia.

"Babu yako amechukua makasi yangu ya kushonea."

"Ya nini?"

"Anakata majani. Tangu saa moja. Chai nimempelekea huko huko Migombani, ati hana wakati wa kuja."

Jumamosi nilifika saa saba na nusu, nguzo zimefungwa kwa mkokoteni. Gari la Senge lilikuwa kwa geti, buti wazi. Alikuwa ameshampangia baba yake begi, sweta zikiwa juu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa kiwanjani, viatu vya ofisi kwa matope, ameshika ncha ya paipu ya maji.

"Inua," Kuka alikuwa anamwambia kutoka mbali. "Zaidi. Kwani Nairobi hamnywangi uji?"

"Baba, twende. Barabara ni ndefu."

"Niko kazini."

"Baba, mimi silali. Kila simu ikilia asubuhi nafikiri ni wewe. Huku nani anakuangalia?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yamejipanga kama askari. Kuka hata hakugeuka.

"Wewe bado umesimamishwa mpaka saa nane. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nusu saa. Mama anasema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Kuka akamaliza kupima, akaja kwa fimbo yake mpaka begi ilipokuwa. Akatoa sweta moja moja, akanipa nishike. Halafu akarudi Migombani, akaanza kung'oa zile nguzo za omutoto, na kila moja ilitoka na mizizi midogo myeupe kama uzi. Senge akamkimbilia kumsaidia. Zile mbili za karibu na kaburi la Kukhu Kuka akasema ziachwe, njia itapishwa kidogo, zimpatie mama yenu kivuli. Kumi na sita akazikata fupi na panga, akazifunga kwa gunia lenye maji, akaziingiza kwa begi.

"Si ulisema shamba lako la Likuyani halina fensi?"

"Nilisema, Baba."

"Beba hizi. Hizi ukizichomeka popote zitashika." Akafunga zipu mwenyewe. "Mimi nilihamishwa maisha yangu yote, na kila pahali nilishika. Sasa nimemaliza kushika, mwanangu. Mahali pa mwisho ni hapa."

Senge alishikilia begi kwa mikono miwili. Halafu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto: "Na hii gari yenu inatembea kweli, ama ni ya kuangalia tu?"

Kuka akatazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika mbili.

"Kibarua," akaniambia, "umechelewa."

Tulisimamisha chuma mpaka mvua ikaja, na baada ya mvua gari likatembea kutoka Geti mpaka Migombani bila kulia kwenye kona hata moja. Senge alilifuata kwa miguu njia yote, akainama, akauliza flanji ni nini.

Kazi yangu ya ukibarua iliisha hiyo jioni. Inspekta aliniita kwa kiti chake, akanipa kile kijiti cha geji. Akasema sasa mimi ni nyapara, na kibarua mwingine nitajitafutia. Nimekaa nikifikiria kwa nini kosa langu ndilo lilinisaidia kuliko vipimo vyangu vyote. Ninachojua cha kuwaambia ni kidogo: pima geji, ogopa mlima, acha upenyo wa joto, na uliza mti ni mti gani.

Kuka bado hukagua kila asubuhi saa moja. Zile nguzo mbili za karibu na kaburi zimekuwa ndefu kunishinda. Akifika hapo hulaza shavu kwa reli, na mimi humngoja na kijiti cha geji mkononi.