Gari Lililozimika Njia ya Msalato

Mimi hapa nilipofika, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Lori langu mwenyewe limeungua nikaenda kula ugali wa jioni kama kawaida. Watu wenye digrii wamesimama mlangoni kwangu wakiniita bosi, mimi niliyeishia darasa la saba. Kijana akija kunisimulia kwamba huko duniani kuna gari linajiendesha lenyewe, namjibu, lilete Dodoma kwenye vumbi tulione. Lakini enyi wenzangu mliokunywa uji wa uwele kwenye bakuli la bati, nyie mtanielewa nikisema lipo gari moja ambalo sijalisahau mpaka leo.

Enzi zetu hizo nchi ndiyo kwanza imefunguliwa. Ruksa hii, ruksa ile. Maduka tuliyozoea kuyaona na viberiti na chumvi tu yakajaa redio za kaseti, baiskeli na marobota ya mitumba yenye harufu ya mbali. Ikaja na nailoni. Watoto wa leo hawaamini nikiwaambia mama zetu waliifua mifuko ya nailoni na kuianika kambani pamoja na khanga. Nailoni ilikuwa mali, bwana. Ilivikwa redio, ilivikwa mtungi, ilifunika daftari mvua ikinyesha. Kwa vumbi letu lile, kila chenye mdomo kilivalishwa nailoni.

Magari ya kuchezea tulijitengenezea wenyewe. Waya tuliokota, matairi tulikata kwenye malapa yaliyochakaa. Langu lilikuwa na usukani mrefu na springi zinazonesa, na Chang'ombe yetu ya Dodoma nzima halikuwepo la kulifikia; sijisifu, waulizeni waliokuwepo. Mtoto wa siku hizi ananunuliwa gari la betri, betri ikiisha analia mpaka jioni. Betri yetu sisi ilikuwa miguu, na mlenda wa mama.

Baba alikuwa fundi magari kwenye karakana ya shirika moja la umma, mpaka shirika likauzwa na yeye akapunguzwa. Akarudi nyumbani na sanduku la spana, akatandika gunia uani, akaanza kujitegemea. Mwaka huohuo mimi nikafaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni kule Kondoa. Darasa zima tulifaulu wawili. Ila kusoma bure kulikuwa kumekwisha, na shule ilitaka ada mkononi, pamoja na vifaa vyote vilivyoandikwa kwenye fomu, siku ya kuripoti. Nisipofika, nafasi anapewa mwingine. Nyumbani hapakuwa na kitu, hata mbuzi walikuwa wameshauzwa. Baba akaniambia, "Wewe utakwenda. Chuma kitatulipia."

Na chuma kikaja. Kilikuwa gari la spoti, jekundu, la viti viwili, paa lake turubai, la tangu kabla sijazaliwa. Mwenyewe alikuwa Bwana Festo, mfanyabiashara wa mitumba, amelinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa likiwaka linanguruma mpaka kuku wanakimbia. Tatizo lilikuwa moja: ukienda nalo mwendo kidogo, linakata pumzi, linazimika. Likipumzika kidogo, linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno.

"Fundi, limeshanitia aibu mbele ya wakwe," Bwana Festo alimwambia baba. "Utakachobadilisha nitalipa bei ya mjini. Sibishani."

Hapo lazima niwaeleze walio wadogo. Enzi hizo fundi hakulipwa kwa kujua, alilipwa kwa kifaa. Ukishabadilisha, unamfungia mwenye gari kile kibovu kwenye kitambaa, anakipima mkononi, ndipo mnataja bei. Kifaa kizito, bei nzito. Kwa hiyo baba alipokuwa akilizunguka gari lile, nyumba nzima tuliomba ugonjwa uwe mkubwa. Mama alisema wazi, "Mungu atujalie iwe injini."

Tukaondoka nalo njia ya Msalato, mimi nimekaa kile kiti cha pili, na wenzangu wanakimbia nyuma wakinipigia mluzi. Tumeuacha mji, gari likaanza kukohoa, likafa. Baba hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichomoa waya wa plagi, akaniambia nizungushe ufunguo: cheche ikaruka, ya buluu, kali. "Moto upo," alisema. "Tuulize mafuta." Akafungua mpira unaoingia kwenye kabureta. Mkavu. Akaupuliza, ukapitisha. Basi akaenda nyuma kuangalia kama tanki lina petroli, na alipozungusha mfuniko tu, tukasikia sauti, fyuuu, kama mtu aliyebanwa pua akaachiwa.

Petroli ilikuwapo tele. Gari likawaka.

Baba alirudi nyuma kwenye tanki. Akafunga mfuniko, tukaenda, likazimika. Akaenda kuulegeza bila kuufungua wote, tukaenda tena, safari hii tukaipita Msalato, tukashika njia ya Kondoa, upepo unanijaza mdomo, na gari halikutetereka hata mara moja. Niliona kabisa njia ile inanipeleka shuleni.

Aliposimama, akautoa mfuniko akanionyesha. Chini yake palikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa mara mbili, kimekazwa sawasawa. Bwana Festo alikiweka mwenyewe kuzuia vumbi, kama sote tulivyofanya kwa mitungi yetu.

"Unakumbuka kopo la maziwa?" baba aliniuliza. "Ukitoboa tundu moja, maziwa yanagoma. Lazima utoboe la pili, hewa iingie. Tanki hili limezibwa tundu la pili. Likinyonywa, linajibana mpaka linagoma."

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, maana sikuwa nimeelewa tumepoteza nini.

Fundi Dismas, jirani yetu aliyefanya kazi na baba kwenye shirika, alielewa upesi. Akamvuta baba kando ya gunia. "Kaka, koili mbovu hiyo hapo sandukuni, ile ya kutia plagi moto. Ifunge kitambaani umpe. Gari si zima? Mwongo nani?"

"Gari lake halikufa kwa koili," baba alijibu.

"Na mtoto je?"

Mama alikuwa anapepeta uwele pale pale uani. Ungo ulisimama. Baba aliniangalia, akaiangalia koili, akaenda kunawa mikono.

Bwana Festo alipokuja, baba alimwekea mkononi kile kipande cha nailoni ndani ya kitambaa safi. Jamaa alikifunua, akakigeuza, akacheka mpaka machozi. "Fundi! Kwa hiyo nimejiua mwenyewe? Sasa hii nikulipe shilingi ngapi, nawe hujabadilisha hata nati?" Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo desturi ilivyokuwa. Alitoa hela ya soda mbili, akashukuru, akaondoka akinguruma. Mimi nilikunywa soda ile ya machungwa huku mama amegeukia ukutani.

Siku ya kuripoti ikapita. Mwenzangu alipanda basi la Kondoa na godoro lake limefungwa kamba, nami nikakaa kwenye gunia na spana mkononi. Baba hakuwahi kuniomba radhi, wala sikuwahi kumdai. Sasa amelala Zuzu kwao, na malori yangu yanapopita karibu na kaburi lake madereva wanajua wapunguze mwendo.

Siku hizi fundi anakuja na kompyuta, anaichomeka chini ya usukani, na kabla boneti haijafunguliwa ameshakutajia hela ya kupima. Nami nalipa, sibishani. Wanangu wamesoma wote, mmoja ni mhasibu, na tairi likipata pancha ananipigia simu. Gereji mjini zimejaa, zina vigae na viti vya kusubiria. Lakini simwoni fundi wa kunipa nailoni mkononi wakati koili mbovu anayo sandukuni. Mtu wa namna hiyo nimeishi naye nyumba moja, na najua bei yake kwa sababu niliilipa mimi: ada, sare mbili, godoro, sanduku la bati na jembe, jumla shilingi elfu kumi na nane, mia nne na hamsini.