Mwiko Usiokaa Kwenye Msumari

Jiko langu la hapa Kasulu ni dogo, na mimi ni mtu wa haraka. Ninauza chakula cha mchana, na wateja wangu wengi ni walimu na makarani wa serikali, watu wanaotaka kushiba kabla hawajakaa. Kwa hiyo kila kitu kina mahali pake. Mlangoni ni pa kuchambulia maharage, kando yake pa kuoshea, kisha meza ya kukatia, kisha majiko, na mwisho kabisa, dirishani, ni pa kupakulia. Mume wangu alipigilia misumari ukutani, akachora kwa chaki umbo la kila chombo kinachoning'inia pale. Yeye ni mwalimu wa hisabati kutoka Singida. Ukimwachia chaki atauchorea mstari hata moshi.

Mama yangu alipokuja kutoka Murungu, baada ya magoti kumgomea shambani, nilimwonyesha jiko langu kwa majivuno. Akaitazama meza, akaitazama misumari, akayatazama majiko yaliyomfika kifuani.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema, "hapa mnapika au mnachoma watu sindano?"

Nilicheka, nikamkalisha kwenye kochi sebuleni, nikamwashia televisheni na kumpelekea chai. Nilitaka ahamie kwangu moja kwa moja, maana kule Murungu angebaki peke yake na magoti yale, na wazo hilo lilininyima raha. Lakini kila jioni alifungua kifurushi chake cha nguo, akakifunga upya, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe silioni. Nitarudi kwangu."

"Jembe na magoti hayo, Mama?"

"Yaliyochoka ni magoti. Mikono imekukosea nini?"

Nikampelekea chai nyingine.

Baada ya hapo vyombo vikaanza kupotea. Kilianza kisu cha vitunguu, kikafuata kidumu cha mawese, kisha chumvi. Nikiuliza kwa sauti, jibu lilitoka sebuleni taratibu, kwa mtu ambaye hata macho hakuyatoa kwenye televisheni: "Angalia nyuma ya gunia la mkaa." Na kweli, kipo. Kwa mtu ambaye hakupika humo hata siku moja, Mama alilijua sana jiko langu. Mume wangu alisema labda ni uzee. Mimi nilisema ni ukorofi, na nilikasirika kwelikweli, kwa sababu mteja mwenye njaa hasikilizi habari za kidumu.

Siku moja ya gulio watu walijaa mpaka nje. Maji ya ugali wa muhogo yalikuwa yanatokota. Nikanyoosha mkono kwenye msumari wa mwiko, nikagusa chaki tupu.

"Mama," nikaita, nusura nilie, "mwiko uko wapi?"

Safari hii alikuja mwenyewe, polepole, mwiko mkono mmoja, na mkono wa pili kibao cha kukalia alichotoka nacho Murungu. Akakiweka katikati ya jiko, palepale mpango wetu wote unapopita, akaketi na kunyoosha miguu. "Shusha sufuria," akasema.

Nikashusha. Ugali wa muhogo kwetu husongwa umekaa, nami nalijua hilo tangu utoto, ila kwa ubishi wa meza yangu nilikuwa nausonga nimesimama, sufuria inazunguka nami nazunguka nayo. Mama akaibana kwa nyayo zake, matambara yakizuia moto, akasonga.

"Kumbe ulikuwa unavificha," nikamwambia.

"Niliona hamniiti mpaka kitu kipotee."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma. Nikachukua sahani, nikairuka miguu yake, nikaenda kupakua.

Kifurushi hakijafunguliwa tena jioni, isipokuwa kutoa nguo. Mume wangu bado analalamika kwamba kuna msumari mmoja hauna kitu, na kwamba njia ya dirishani imezibwa na miguu ya mkwewe, jambo ambalo hathubutu kulisema mbele yake. Mwiko unakaa chini ya kibao cha Mama. Najua uko pale. Kila mchana nauliza kwa sauti uko wapi, naye huniacha niite mara ya pili ndipo aitike.